Mkono wa Mumina na Kadi ya Hamdia

Maziwa ya ngamia hufika Isiolo mjini asubuhi na mapema, na kabla hayajafika mitungi lazima iwe tayari. Kazi hiyo ilikuwa ya Mumina. Aliiosha mitungi ya alumini kwa maji yaliyochemka, akatia ndani vijiti vyenye moto, akafunga kifuniko na kuuacha moshi ukae. Maziwa yakitiwa kwenye mtungi usiofukizwa huchacha kabla ya kufika Nairobi, na mwenye bohari, Hajia Ubah, hakuwa mtu wa kuvumilia maziwa yaliyochacha.

Bintiye Mumina, Dokata, alikuwa gredi ya saba. Kila asubuhi alimshikia mama vifuniko, kisha akavaa sare na kukimbilia shule huku nywele zake zikinuka moshi.

"Salaam aleikum, jiko," Asho, mwanafunzi mwenzake, alimsalimu kila siku, na darasa zima lilicheka.

Asho alijua pa kuchoma. Siku mwalimu alipofundisha mipaka ya Kenya, alingoja mwalimu atoke, akasimama. "Ng'ombe wa ng'ambo hutiwa karantini kwanza, halafu hutobolewa sikio wakawekwa alama. Dokata, hebu lete sikio tuone."

"Sisi ni watu wa Garbatulla, hapa hapa Kenya," alisema Dokata.

Huo ulikuwa uongo. Mumina alizaliwa Yabelo, upande wa Ethiopia. Mumewe alipokufa, alivuka mpaka pale Moyale akiwa amembeba Dokata mgongoni. Lakini hakuingia kwa kujificha. Alifuata ofisi moja hadi nyingine mpaka akapata kibali cha kazi na kadi ya mgeni, yenye picha yake na jina lake. Kadi hiyo aliifunga kwa nailoni na kuiweka ndani ya kasha la bati, chini ya nguo zake za Idi.

Mwezi wa kwanza wa kazi, Hajia Ubah alimwita. "Mumina, nataka wafanyakazi wangu wote wawe kwenye bima ya afya na mfuko wa uzeeni. Mwenyeji, mgeni, wote. Kibali chako na kadi yako vinatosha. Nenda ujiandikishe, uniletee namba."

"Hajia, mimi sijui kusoma."

"Na huyo msichana unamsomesha wa nini? Akuandikie!"

Basi Jumamosi Mumina akafungua kasha, akampa Dokata kadi na kibali. "Hivi ndivyo vinavyonifanya nitembee barabarani bila kugeuka nyuma," alisema. "Vilinde."

Dokata akavitia ndani ya daftari la hesabu, akaenda kwa Siyad, kijana mwenye duka la kompyuta. Alipoingia, alilibana daftari kifuani. Asho alikuwa amekaa pale pale. Siyad alikuwa kaka yake.

"Lete kitambulisho," alisema Siyad.

Asho akanyoosha shingo. "Cha nani? Cha mama yako? Hebu nione picha."

Ndani ya daftari lile kulikuwa na karatasi nyingine: nakala ya kitambulisho cha Hamdia, jirani yao wa mtaa wa Bula Pesa. Hamdia alizaliwa Kenya, na alikuwa wa ukoo mmoja na Mumina. Aliiacha nakala hiyo ili Dokata amjazie fomu ya unga wa msaada. Katika mtaa ule watu wa ukoo waliazimana vitambulisho kama wanavyoazimana kinu. Mmoja angenunua laini ya simu kwa kitambulisho cha shemeji, mwingine angechukua mbuzi sokoni kwa cha binamu, na hakuna aliyeona kosa.

Kadi ya mgeni ilikuwa chini ya kidole gumba cha Dokata. Nakala ya Hamdia ilikuwa chini yake. Alitazama uso wa Asho, akatoa nakala, picha yake imefifia.

"Kumbe kweli ni Wakenya," alisema Asho, kama mtu aliyenyang'anywa pipi.

Siyad aliingiza namba ile, na namba ya simu ya mama aliyoitaja Dokata, kwenye bima, kisha kwenye mfuko wa uzeeni. Hakuuliza kitu. Dokata alinakili namba mbili kwenye kipande cha daftari, na njiani akaichana ile karatasi yenye jina la Hamdia, akavitupa vipande vyake mtoni. Jioni alimrudishia mama kadi yake, bado imefungwa kwa nailoni.

"Tayari?" aliuliza Mumina.

"Tayari, mama."

Kila mwezi Hajia Ubah alilipa kwa simu. Aliingiza namba, akabonyeza, akarudi kwenye maziwa yake. Jina hakulitazama.

Mwezi wa tisa, asubuhi moja, sufuria kubwa iliteleza kwenye mafiga. Mumina aliwahi kuizuia isimwangukie Dokata, na maji yote yakamwagika kwenye mkono wake wa kulia. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye tope akiutazama mkono, na ngozi ikawa inajiviringisha kama ya kuku aliyetoka kwenye maji moto.

Hospitalini muuguzi aliusafisha na kuufunga. Daktari akasema mama alazwe, apasuliwe na kupandikizwa ngozi, na mapema, vidole visije vikajikunja. Wakatumwa dirishani.

"Namba ya bima?" aliuliza karani. Dokata akaitaja. "Weka kidole hapa."

Mumina akaweka kidole cha mkono mzima. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Karani akaitazama kompyuta, akamtazama Mumina.

"Wewe si Hamdia."

"Nani amesema mimi ni Hamdia?"

"Mama, kutumia bima ya mtu mwingine ni wizi. Shukuru sijaita polisi. Anayefuata!"

"Ndio hao," alisema mzee mmoja kwenye foleni. "Wanavuka huko kwao kuja kumaliza dawa yetu." Mwanamke nyuma yake alivuta mtoto wake kando, kana kwamba Mumina alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza.

"Dokata, sema nao," alisema Mumina. Kiswahili chake kilikuwa kinamkimbia kwa maumivu. "Waambie nina kadi yangu. Wewe ndiye uliyeandika."

Dokata alifungua kinywa. Aliiona ile foleni, macho yote yale. "Labda kompyuta ya Siyad ilikosea," alisema.

Wakarudi nyumbani. Siku ya pili Hamdia alikuja, lakini hakuja na uji.

"Nasikia nimekuwa nikiwekewa akiba ya uzee bila habari," alisema, akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa. "Alhamdulillahi."

"Hamdia, hilo ni jasho langu."

"Jasho halina jina, dada yangu. Namba ndiyo yenye jina."

Mumina aligeukia ukuta. Siku ya tatu bandeji ilianza kunuka. Siku ya nne kidole kidogo na kile cha kando yake vilianza kujikunja kuelekea kiganjani, na Mumina alipojaribu kuvinyoosha alilia kwa mara ya kwanza. Dokata, aliyekuwa nje, alimsikia, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Siku ya tano Hajia Ubah akaingia na kelele zake. "Nimempata mwizi! Ni yule kijana wa kompyuta. Aliuza namba yako kwa Hamdia. Nimemshika. Twende ofisi ya bima athibitishe, halafu namfikisha kituoni."

Ofisini walimkuta Siyad amesimama kati ya vijana wawili wa bohari, shati limechanika kolani na mdomo umevimba. Asho alikuwa kando yake, analia kwa kwikwi. Nyuma ya meza alikaa afisa mmoja mnene mwenye miwani, Bwana Mbae.

"Wallahi mimi niliandika nilichopewa!" alisema Siyad.

"Nyamaza, mwizi!" Hajia Ubah alimzaba kofi.

"Mama, hapa ni ofisi," alisema Bwana Mbae. Akageuza kompyuta yake. "Kuna namba ya simu iliyotumika siku ya kuandikisha. Hii ni ya nani?"

Mumina aliitambua namba yake. Aligeuka polepole akamtazama Dokata, na Dokata akajua kwamba mama ameshaelewa, ila anangoja.

"Ni mimi," alisema Dokata. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Siyad hakufanya kitu. Nilikuwa na kadi ya mama mkononi. Nikatoa ya Hamdia."

"Kwa nini?"

Dokata alimtazama Asho. "Sikutaka wajue mama ni mgeni."

Hajia Ubah aliutazama mkono wake uliozaba kofi. Siyad alipangusa damu mdomoni. Asho akaacha kulia. "Kaka yangu amepigwa soko zima likitazama," alisema. "Na wewe siku zote ulikuwa unajua."

Bwana Mbae alinyoosha mkono. "Mama, nipe kadi yako mwenyewe." Mumina akafungua nailoni kwa meno. Afisa akasoma kadi, akasoma kibali, akachukua barua ya mwajiri kutoka kwa Hajia, akamwekesha kidole cha kushoto. Mashine ikakubali.

"Umeandikishwa," alisema. Saa ya ukutani ilikuwa imesogea dakika kumi. "Bima ni kuanzia Hajia atakapolipa leo. Ile ya nyuma imepotea. Akiba ya uzeeni tutaandika barua, na Hamdia aje aweke kidole kwamba si yake. Mwambieni akiichukua, hapo ndipo patakuwa na kesi."

Hamdia alikuja, baada ya kuitwa mara tatu. Aliweka kidole bila kumtazama mtu, na tangu siku hiyo hakumsalimu tena Mumina.

Mumina alipasuliwa kesho yake. Ngozi ilishika. Lakini daktari alipofungua bandeji wiki kadhaa baadaye, vile vidole viwili vilibaki vimekunjwa. "Angelazwa siku ile ile," alisema, akaandika kitu kwenye faili.

Hajia Ubah alimrudisha Mumina kazini, kwa kuwa hakuna aliyejua kufukiza kama yeye. Asubuhi ya kwanza Mumina alijaribu kufunga kifuniko kwa vidole vitatu. Kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Dokata akakifunga.

"Mama, nisamehe."

Mumina alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa. "Nimeshakusamehe. Lakini kusamehe hakunyooshi vidole, kwa hiyo nisikilize. Mimi sikuwa naona haya kuwa mgeni. Kuna kadi inayosema mimi ni nani, na kuna sheria inayonipa matibabu kwa kadi hiyo hiyo. Ulikuwa na ukweli mkononi, ukaazima jina la mtu. Jina la kuazima halikuugulii, na mwenyewe akilitaka analichukua. Aibu uliyoikimbia pale kwa Siyad ingekwisha kabla hujafika nyumbani. Hii nitakuwa nayo mpaka nife, na wewe utakuwa unaitazama. Ukijaza karatasi ya mtu, hata kama dunia yote inakucheka, andika kilicho kweli."

"Ndiyo, mama."

"Sasa funga vifuniko vyote. Pikipiki za maziwa zinakuja."

Dokata alivifunga vyote, akavaa sare, akaenda shule akinuka moshi. Mlangoni alimkuta Asho. Alingoja aitwe jiko, lakini Asho alipita kama mtu anayepita kando ya ukuta. Darasani mwalimu mpya alikuwa akigawa fomu za wanafunzi. Dokata akachukua kalamu. Mahali palipouliza mzazi alizaliwa wapi, aliandika kwa herufi kubwa: YABELO, ETHIOPIA. Halafu akaipitisha fomu mbele, ikapita mkononi mwa Asho na wengine wote, kila mtu akaisoma.