Vidonge vya Elia

Kila asubuhi, nyumbani kwao Shangani, Yustina alifagia uwanja huku mama yake akichemsha mihogo ya kunywea chai. Baba alikuwa ameshakwenda kazini bandarini. Mihogo ilipoiva, mama aliwaita watoto, akafungua kichupa cheupe na kumpa Elia kidonge kimoja. Kazi hiyo hakumwachia mtu.

Elia, mdogo wake Yustina, alikuwa na miaka tisa. Kabla ya dawa hizo hakuweza kutulia. Alianza sentensi asizimalize, na walimu walimwita mtundu. Daktari alimchunguza kwa muda mrefu, akaeleza kuwa huo si utundu wala uvivu. Akili yake hupata taabu kushika jambo moja. Tangu aanze dawa, alikaa na hesabu zake mpaka zikaisha.

Yustina, aliyekuwa darasa la saba, aliyaona hayo kwa macho ya mtu mwenye shida. Mtihani wa majaribio ulibakiza wiki mbili, na kila alipofungua kitabu cha hisabati hofu ilimtangulia. Mama alikuwa mwalimu, na baba hakuacha kutaja shule za vipaji. Kama kidonge kimemtuliza Elia, aliwaza, mimi si kitanifanya niwe wa kwanza?

Alichukua cha kwanza mama akiwa jikoni. Siku hiyo alisoma kutwa nzima bila kuhisi njaa, akaamini amepata dawa ya akili. Akachukua kingine kesho yake, na kesho kutwa. Baada ya siku chache chakula kilimshinda, mikono ikamtetemeka, na usingizi ukawa wa kuibia. Hata hivyo aliogopa kuacha kuliko alivyoogopa kuendelea.

Asubuhi ya mtihani alimeza viwili. Karatasi ya hisabati ilipowekwa mbele yake, moyo ulikuwa ukidunda mpaka masikioni. Alijibu swali la tatu, akalifuta, akalirudia, akalipigia mistari iliyonyooka, akalifuta tena. Aliposhtuka, Mwalimu Kassimu, aliyewafundisha hisabati, alikuwa anakusanya karatasi. Zaidi ya nusu ya maswali hakuyagusa.

Njiani alitafuta la kuwaambia wazazi, lakini alipofika nyumbani hakuna aliyemuuliza habari za mtihani. Mama alikuwa ameshika kichupa kilichobaki na vidonge vitatu, na Elia amesimama mbele yake. Dawa hizo ziliagizwa Dar es Salaam. Nyingine zingefika mwisho wa mwezi. Mama aliamini Elia amevichezea, kwani aliwahi kutumbukiza viatu vya baba kwenye pipa la maji.

"Sijavigusa, mama," Elia alisema.

Mama akamwambia kwamba uongo ni mbaya kuliko kosa lenyewe. Elia alikitazama kile kichupa.

"Vikiisha," aliuliza, "nitakuwa mtundu tena?"

Yustina alihisi kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Angeweza kunyamaza, na kosa lingemwangukia mdogo wake.

"Mama, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyevimeza."

Alieleza yote, mpaka vile viwili vya asubuhi. Mama hakumpiga wala kumkaripia. Alimshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo, akaita bajaji kwenda hospitali.

Daktari Hawa, yule aliyemchunguza Elia, alimpima, akamlaza chini ya uangalizi hadi moyo ulipotulia. Kisha akavuta kiti karibu na kitanda.

"Dawa hii haiongezi akili, Yustina. Elia alipimwa, akapangiwa kiasi chake. Wewe hukupimwa, na ungeweza kuudhuru moyo wako. Ukimnyang'anya kiwete mkongojo wake, wewe hukimbii zaidi, naye umemwacha chini."

Aliahidi kuwatafutia dawa nyingine mapema. Zilichukua siku sita kufika, na tatu kati ya hizo Elia alikwenda shuleni bila kidonge. Yustina alikaa naye kila alasiri, akimrudisha kwenye daftari kila alipoinuka, naye akajionea jinsi mdogo wake alivyokuwa akihangaika.

Kwa Mwalimu Kassimu alikiri kwamba hesabu za sehemu ndizo zilizomshinda tangu darasa la tano, na kwamba aliona aibu kusema. Mwalimu akamwanzisha upya, nusu saa kila siku baada ya masomo. Katika mtihani wa pili alijibu maswali yote, akashika nafasi ya kumi na moja.

Alimpelekea mama matokeo kwa wasiwasi. Mama aliyasoma taratibu.

"Haya ni yako, mwanangu," alisema. "Yale ya kwanza, hata ungeongoza mkoa mzima, yasingekuwa yako. Masomo yakikutisha, sema mapema, usaidiwe. Dawa ya mwenzako usiiguse kamwe, maana wewe itakudhuru, na yeye utakuwa umempokonya nafuu yake."