Taji-fikra Mezani kwa Zawena

Taji-fikra lilikuwa mkanda mwembamba wa shaba, lakini lilinasa mawazo ya mtu kabla hayajafika mdomoni. Aliyesomwa alibandikwa kinasa nyuma ya sikio, chepesi kama ganda la kitunguu, na mawazo yake yakamfikia mvaa taji kwa sauti ya huyo aliyesomwa. Mhandisi Zawena alilitengeneza kwa miaka miwili nyumbani kwake Dodoma, huku roboti zikichuma zabibu nje ya dirisha, na yote hayo kwa ajili ya mchezo.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mezani. Zawena alisimulia safari katika falme za kubuni. Lusajo, fundi wa roboti zile, na Bi Makulata, muuguzi mstaafu, kila mmoja alicheza mhusika wake, na dadu lenye nyuso ishirini liliamua nani kafaulu. Walicheza kila Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisa sasa. Leo angefichuliwa msaliti wa safari, siri ambayo Zawena aliitunza kama mboni ya jicho.

"Uchawi tunao, majoka tunayo," Lusajo alikuwa akilalamika siku zote. "Mbona mhusika wangu asisome mawazo?"

"Mchawi wangu hutafuta mizizi, huimba, huchoka," Bi Makulata alimjibu. "Wewe unataka kukaa tu ujue ya watu. Hiyo si nguvu, ni umbea."

Zawena akawabandika wote wawili vinasa, akalivaa taji kwanza yeye, alipime. "Fikirieni chochote."

Sauti ya Lusajo ikaja: Leo nishtuke kwa nguvu. Mara ile ya siri ya malkia nilichelewa kushtuka, nusura Zawena ajue.

Kisha ya Bi Makulata: Maskini mtoto wa watu, alivyojiandaa! Msaliti ni yule kipofu mbeba taa, tumemjua tangu mwaka juzi. Mungu nisaidie nisicheke.

Uso ukamwaka Zawena. Iliuma, tena sana. Miguno yote ile ya mshangao, miaka yote, kumbe maigizo! Alitaka kuwauliza papo hapo. Kisha akamtazama Bi Makulata, ambaye goti lilimsumbua na bado alipanda ngazi kila Jumamosi kuja kushangazwa na jambo analolijua. Hasira ikamtoka. Lakini Lusajo alikwisha kuchukua kinasa cha kumbandika Zawena, ili naye avae taji asome mawazo ya wahusika kichwani mwake. Angemsoma tu, angejua kwamba wameumbuka, na mchezo ungeishia hapo.

"Halifanyi kazi," Zawena alisema akilivua. "Nasikia mvumo tu."

Lusajo akanywea.

"Lakini mhusika wako atasoma mawazo. Tupa dadu. Ukipata kumi na tano kwenda juu, nakunong'oneza. Ukikosa, kichwa kinamuuma siku tatu."

"Hapo sawa," alisema Bi Makulata. "Na yeye aumie kidogo."

Dadu likatua kwenye kumi na saba. Zawena akamnong'oneza mawazo ya kipofu. Lusajo akaruka, kiti kikaanguka chali. Bi Makulata naye, alipoambiwa, akajishika kifua. "Yesu na Maria! Yule kipofu?"

Zawena alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Hangeweza tena kuamini mguno wowote pale mezani. Lakini hakuwahi kujiona anapendwa namna ile.

"Kweli hamkumshuku hata kidogo?"

"Tungejuaje, mwanangu?" alisema Bi Makulata, akikiinua kiti. "Kwani sisi tunasoma mawazo?"