Gari Lililozima Kwa Ndululu

Kisilu, jirani yetu mwenye gereji pale Mutomo, alikuwa fundi mzuri sana, na ubaya wake ni kwamba alijijua. Miaka ile ya tisini, magari yenye kompyuta yalipoanza kufika huku kwetu, mafundi wengine waliyachungulia wakafunga boneti. Yeye aliyapenda kama watu wanavyopenda nyama ya kuchoma.

Siku mambo haya yalipoanza ilikuwa ya kawaida kabisa. Mbuzi walikuwa wamelala chini ya lori bovu gereji, na Kisilu alikuwa akimalizia chapati yake. Muthoki, mkewe, alikuwa nyumbani na mtoto wao, Kalondu, ambaye hata kukaa alikuwa hajajifunza. Walikuwa wamemngoja mtoto huyo miaka mingi, mpaka watu wakaanza kusema. Kisilu hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda hivyo.

Ndipo mzee Ndolo akaingia na stesheni wagoni yake ya Kijapani. Ndolo alikuwa mzee wa kanisa, na kazi ya gari lake ilijulikana na kila mtu: kuwafikisha marehemu makwao.

"Inazima," akasema. "Pahali moja tu. Kona ya Kwa Ndululu."

"Na ikizima unafanya nini, mzee?"

"Nashuka. Nafungua mlango wa nyuma, nangoja kidogo, nafunga. Nikiwasha, inawaka."

Kisilu alijua maneno ya mzee yanaelekea wapi. Mwaka uliotangulia, gari hilo lilimbeba Nthenya, mwanamke aliyefariki akijifungua, yeye na mtoto wake. Alikuwa ameomba akizikwa azikwe kwa mama yake, kule njia ya Kwa Ndululu inakoteremkia. Watu wa mumewe walikataa. Gari lilipozima pale konani wanawake walinyamaza, maana kwetu si siri kwamba maiti anaweza kukataa safari. Wanaume walisukuma gari hadi likawaka, wakaenda kumzika walikotaka wao. Tangu siku hiyo, likipita pale lazima lizime.

"Mzee, hiyo ni joto tu," Kisilu akasema. "Kutoka hapa mpaka Kwa Ndululu ndio kompyuta ya injini inashika moto. Ukishuka ukingoja, inapoa. Marehemu wa watu muwache alale."

Ndolo alitazama chini. "Sawa, fundi. Wewe pima."

Kisilu alipima. Aliunganisha matundu ya plagi ya kupimia kwa kipande cha waya, akaitazama taa ya injini ikipepesa kwenye dashibodi. Haikutaja kosa lolote. Akaliacha gari likinguruma juani, madirisha yamefungwa, mpaka ndani hapakaliki. Kisha akaichomoa paneli ya miguuni upande wa abiria, akaigonga kompyuta polepole kwa mpini wa bisibisi. Injini ikakata. Alipoifungua aliona ufa kwenye lehemu, mwembamba kama unywele, akatabasamu peke yake.

Kompyuta nyingine, ya mtumba lakini yenye namba ileile, ililetwa na basi kutoka Nairobi. Kisilu aliifunga, na ile mbovu akamkabidhi Ndolo ikiwa imefungwa kwa gazeti, kama fundi mwaminifu anavyofanya ili mteja asiseme ameibiwa spea.

Alasiri akatoka kulijaribu gari. Nyumbani kwake kulikuwa mbele kidogo ya Kwa Ndululu, akaona apitie amsalimie mtoto. Gari lilikwenda laini. Kona ilikuja, kona ikapita, injini haikukohoa hata kidogo. Kisilu alicheka kwa sauti.

Nyuma yake, bodi ya gari ikagongwa.

Iligongwa kwa kiganja, jinsi abiria anavyogonga akitaka kushuka. Jeki imelegea, akajiambia. Ikagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Kisilu akaongeza mwendo.

Alipofika kwake akazima injini. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Akashuka, akautazama utupu wa mle ndani, akakilaumu kitasa. Muthoki alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mkononi.

"Baba Kalondu, mbona humkaribishi mgeni?"

"Mgeni gani?"

Muthoki alisita. "Nilidhani umekuja na mtu." Kalondu alikuwa amegeuza shingo, akiangalia ndani ya nyumba na kucheka.

Kisilu hakukaa. Alirudi Mutomo akiwa na wasiwasi asioutaka, akamkuta Ndolo akingoja gereji, lile furushi la gazeti mapajani.

"Ilizima?"

"Hata kidogo, mzee."

Ndolo hakufurahi. Alisogea karibu, akanong'ona.

"Sasa alishukia wapi?"

Kisilu alimwangalia. Kisha akalinyakua furushi, akaingia garini tena. Alikanyaga mafuta njia nzima. Gari lilipita Kwa Ndululu bila neno. Hakuna aliyegonga. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Muthoki alikuwa ameketi nje, chini, mtoto kifuani. Hakutaka kuingia.

"Nilimlaza kitandani nikaenda kuchota maji," alinong'ona. "Kurudi, amekataa ziwa. Tumbo limejaa."

Kalondu alikuwa ametulia kabisa. Kwenye kidevu chake kulikuwa na maziwa.

"Si yangu," Muthoki akasema.

Kisilu alipiga magoti upande wa abiria. Akaichomoa kompyuta nzuri. Skrubu zilianguka mchangani, akaziacha. Akairudisha ile mbovu, akausukuma mlango wa nyuma ukafunguka wazi, ukielekea nyumba.

"Mwaitu," akasema, kama anavyoambiwa mama wa mtu. "Nimekosa. Ingia nikufikishe. Huyu mtoto tuachie. Tafadhali."

Mtoto akaanza kulia. Kisha nyuma ya gari ikadidimia kidogo, jinsi inavyodidimia mtu akiketi.

Akafunga mlango. Akaendesha polepole, na hesabu yake ya fundi ikamgeukia. Kutoka kwake hadi konani ni karibu sana. Kompyuta ilikuwa baridi. Isingeweza kushika moto. Kwa yote aliyoyajua, gari lisingezima, na yeye hakuthubutu kugusa swichi.

Bodi ikagongwa. Mara hii kwa upole.

Injini ikakata palepale.

Kisilu alishuka. Akafungua mlango wa nyuma, akasimama kando, macho chini. Kitu baridi kilimpita jua likiwaka. Akangoja kidogo, akafunga. Alipowasha, likawaka. Hakutazama ile njia ya kuteremka.

Nyumbani alimkuta Kalondu akinyonya kwa pupa kama mtoto aliyeshinda njaa, na Muthoki akilia. Kisilu naye alilia, bila kujificha.

Ndolo aliliendesha gari lake vivyo hivyo, na kompyuta yenye ufa. Lilizima Kwa Ndululu kila safari na hakuna aliyelicheka tena, hata Kisilu mwenyewe. Ile nzuri ilibaki kwenye rafu ya gereji na hakutaka kumuuzia mtu.

Lakini kuna jambo moja ambalo Muthoki alimwambia mama yangu, na hakupenda kulirudia. Kabla Kalondu hajajua kusema hata neno, walikuwa wakienda sokoni kwa basi, mtoto mgongoni. Walipokaribia Kwa Ndululu, mkono mdogo ukatoka kwenye leso, ukagonga bodi kwa kiganja. Dereva akasimama, akauliza nani anashuka, na hakuna aliyejibu.

Mtoto akawa anafanya hivyo kila walipopita. Muthoki alikuwa akimshika kwa mikono miwili mpaka basi liondoke.