Muhogo Mchungu wa Vestina

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka vilima vya Busunzu, Theodosia aliwafungia binti zake chakula cha mchana katika majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Vestina, wa darasa la sita, alipata magimbi mawili, maharage na kipande cha parachichi. Ange, wa darasa la pili, alipewa mzigo kama huo, mdogo zaidi.

Jumatatu moja, Hashimu, mtoto wa mwenye duka pale senta, alinyakua mzigo wa Vestina mbele ya darasa zima.

“Jamani, njooni muone! Sisi tunakula boflo, mwenzetu kabeba shamba!” Akawarushia kuku magimbi yale.

Darasa liliangua kicheko. Vestina hakulia. Alishinda na njaa, akiwahesabu waliocheka mmoja mmoja. Kufikia jioni alikwisha kuwasamehe wote, isipokuwa Hashimu.

Siku ya Jumatano mvua ililikwamisha gari la mkate kutoka Kasulu. Vestina alijua kwamba kesho yake Hashimu angekuja shuleni mikono mitupu. Nyumbani kulikuwa na kikapu cha mihogo michungu iliyosubiri kulowekwa. Hakuna mtoto wa huko asiyejua kwamba muhogo huo ni sumu mpaka ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa juani. Alfajiri, mama alipokwenda kisimani, Vestina aliuchemsha mmoja, akaupaka karanga za kusaga.

“Atatapika mbele ya wote,” alijiambia, “nami nitacheka.” Hakutaka kuwaza zaidi ya hapo.

Mchana Hashimu alimjia akiwa ameshika tumbo.

“Vesti, nigawie basi. Njaa inaniua.”

“Leo shamba limekuwa tamu?”

“Nilikuwa natania tu, bwana. Nisamehe.”

“Chukua wote,” alisema Vestina kwa upole.

Alimwacha atangulie, kisha akamfuata ili ashuhudie. Nyuma ya darasa alimkuta Hashimu ameumega muhogo vipande viwili, akimpa Ange kile kikubwa.

“Kula, mdogo wangu. Dada yako ana moyo mzuri kuliko mimi.”

Ange alikwisha kufungua kinywa.

“Mawe we, mama yangu! Msile!” Vestina aliruka, akavipiga vipande vyote viwili vikaanguka matopeni. Kuku walipovikimbilia, alivikanyaga kwa miguu yote miwili.

Mwalimu Ndihokubwayo alitoka ofisini kwa kelele ile. Vestina alimweleza yote kabla hajaulizwa.

“Hashimu,” alisema mwalimu, “mkate mtupu huisha tumboni kabla ya kipindi cha sita, ndiyo maana unasinzia kila siku. Gimbi hushibisha, maharage hujenga mwili. Uliwatupia kuku chakula kilichokushinda thamani. Jumamosi utachimba magimbi katika shamba la mama yake Vestina mpaka mama aseme basi.”

“Ndiyo, mwalimu.”

“Nawe Vestina, ulidhulumiwa, sikatai. Mlango wangu ulikuwa wazi, ukachagua jiko. Mwenye kupika kisasi hachagui atakayekila. Leo utasimama mbele ya mama yako umwambie ulichokusudia, na umwambie Ange akiwa anasikia.”

Adhabu hiyo ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Theodosia hakumpiga, alimpakata Ange tu, usiku kucha.

Jumamosi Hashimu alichimba magimbi bondeni, amezama topeni hadi magotini. Vestina alisimama ukingoni akimtazama anavyoinama, na hakuficha kwamba aliridhika.

Jumatatu alimwekea Hashimu gimbi na maharage juu ya dawati.

“Onja wewe kwanza,” alisema Hashimu.

Vestina aliona haya, akamega, akatafuna, akameza. Ndipo Hashimu naye akala, mpaka jani likabaki tupu.