Mzee Gaspari Agoma Kula

Kila asubuhi Clotilda alimpelekea baba mkwe wake kikombe cha uji wa mtama. Alikiweka juu ya kigoda, akapiga goti, akasema shikamoo. Mzee Gaspari aliitikia marahaba, akaupuliza uji, akanung'unika kwamba ni wa moto. Kisha aliumaliza wote.

Leo hakunung'unika. Alikisukuma kikombe mpaka ukingoni.

"Rudisha. Sili."

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Sili tu."

Mchana alikataa ndizi na maharage. Jioni alikataa tena. Privatus, mume wa Clotilda, alimzunguka baba yake kama mtu anayekagua mbuzi mnadani.

"Ni malaria, baba?"

"Hapana."

"Ni meno?"

"Haya matatu yaliyobaki yamekukosea nini?"

Clotilda aligeuka kuficha kicheko, lakini alikuwa na hofu. Mzee alikuwa na presha, tena alikuwa amekonda.

Nyumba ilikuwa imenyamaza tangu Jumapili. Siku hiyo Privatus alitangaza kwamba wote watahama kijiji chao cha Kirushya. Alikuwa amepata shamba kubwa Runazi, kule Biharamulo. Mzee alisikiliza, akainuka, akaenda zake. Clotilda alisema "sawa", akaenda kuosha vyombo. Alivisugua vile vyombo kwa muda mrefu sana.

Kesho yake mzee alikunywa maji tu. Clotilda aliketi karibu na mlango wake.

"Baba, chumvi ilizidi?"

"Wewe hujakosa kitu. Nafanya kama yule Mhindi."

"Mhindi yupi? Yule muuza vipuri wa mjini?"

"Yule anakula vizuri, hata tumbo lake linatoa ushahidi. Nasema Bhagat Singh. Kamuulize mwalimu Suzan."

Suzan alifundisha kisomo cha watu wazima kwenye jengo la kigango cha kanisa, na mzee alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Alikuwa dada mpole, mwenye sauti ndogo. Aliposikia habari za mzee, alishika shavu.

"Hilo ni somo letu la juzi," alisema. "Twende."

Njiani Clotilda alimuuliza, "Alikuwa mtu gani huyo?"

"Kijana wa India. Alizaliwa mwaka 1907. Waingereza walikuwa wakiitawala nchi yake, naye alitaka ijitawale. Alipenda kusoma kuliko kitu chochote. Lakini alishika silaha pia. Alihukumiwa kwa kumuua afisa wa polisi, akanyongwa akiwa na miaka ishirini na mitatu."

"Mdogo hivyo? Na watu bado wanamkumbuka?"

"Mpaka leo. Wengi India humwita shujaa."

"Sasa kutokula kunaingiaje?"

"Hilo nitamuuliza mwanafunzi wangu mwenyewe."

Walimkuta mzee amekaa nje, na Privatus amesimama mbele yake. Suzan alitoa shikamoo. Alizungumza huku akitazama viatu vyake.

"Mzee, nadhani umesoma nusu."

"Nimesoma yote. Kwa kidole changu hiki."

"Basi nikumbushe. Kwa nini Bhagat Singh na wenzake waligoma kula gerezani?"

"Walitaka wafungwa wa siasa watendewe kama wafungwa wa Kizungu. Wapewe chakula kizuri, vitabu na magazeti."

"Wakuu wa gereza walijuaje?"

Mzee alifikiri. "Waliwaambia."

"Na wewe umemwambia nani?"

Mzee alikikunja kile kidole chake. Suzan alishusha pumzi.

"Mwenzao mmoja, Jatin Das, alikufa katika mgomo ule. Wao walikuwa mikononi mwa watawala wasiotaka kuwasikia. Wewe uko kwako, na mwanao huyu hapa. Tena una presha. Jaribu kwanza mdomo, mzee. Tumbo halijui kueleza."

Mzee alimtazama mwanawe.

"Sihami," alisema. "Mama yako amelala pale nyuma ya migomba. Nami nataka nilale hapo siku yangu ikifika."

Privatus aliketi chini kando yake. "Mbona hukusema, baba?"

"Ulikuwa unatangaza. Mtu anayetangaza haachi nafasi ya kujibiwa."

"Shamba hili limekuwa dogo. Naogopa tutakosa chakula."

"Hilo nalo hukulisema. Ulisema tu tufunge mizigo."

Privatus alikuna kichwa. Kisha alikubali kwamba baba yake abaki. Clotilda alileta uji mwepesi. Suzan alimwambia mzee anywe kidogo kidogo, maana tumbo lililokaa tupu halipendi haraka. Mzee alikunywa taratibu mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Basi yameisha," alisema Privatus. "Mdogo wangu Frednand atakaa na wewe. Mimi na mama Derick tutahamia Runazi. Sawa, mama Derick?"

Neno "sawa" lilikuwa tayari mdomoni mwa Clotilda, kama siku zote. Alimtazama Suzan, lakini Suzan alikuwa bado anatazama viatu vyake. Hakuna aliyemsaidia.

"Si sawa, baba Derick," alisema. "Na mimi hukuniuliza. Udongo huu nimeulima tangu uliponioa. Nenda Runazi msimu wa kilimo, nitakuja tuvune pamoja. Kisha turudi nyumbani. Mimi sitaki kuhama."