Gari Lililopiga Magoti Kalembe

Kila asubuhi kabla ya shule, Victorine alimenya mihogo huku jicho lake moja likiwa barabarani. Hakuna kilichopita Kalembe bila yeye kukijua, na alichokijua hakikukaa tumboni. Juma lile la mwaka 1968 alikuwa na habari motomoto: gari jipya la Papa Apollinaire, mfanyabiashara wa Butembo aliyefikia kijijini. Likizimwa, lilishuka lenyewe polepole mpaka tumbo likakaribia ardhi. Likiwashwa, liliinuka.

"Nimeliona!" aliwaambia wenzake chemchemini. "Hakuna muntu ndani, nalo linapiga magoti. Hata linapumua!" Alipoona macho yamewatoka, akaongeza chumvi: "Linaomba damu."

Hilo la damu alilitunga palepale. Lakini kijiji kizima kililimeza.

Kisha mama yake, Mama Émilienne, akateleza kwenye mteremko wa shamba la maharagwe, akavunjika paja. Lori lingemrusharusha hadi azimie. Papa Apollinaire akajitolea kumpeleka hospitali ya Masisi. Wanaume waliombeba kwa machela walipoliona gari lake, wakasimama.

"Hapana, Papa. Mutuka hii inaomba damu. Watoto wote wanajua."

Mama akawa anagumia kwa maumivu. Ajabu ni kwamba hata Victorine aliliogopa gari lile, kana kwamba uongo wake ulikuwa umemrudia. Je, kama kweli lina kitu ndani?

"Papa, juu ya nini inapiga magoti?" aliuliza sababu yake kwa sauti ndogo.

"Sasa unauliza! Njoo uone." Akafungua boneti, akamwonyesha tufe la chuma. "Lori iko na resori, springi za chuma. Hii iko na tufe kama hii kwa kila gurudumu: huku gesi, huku mafuta. Gurudumu ikigonga shimo, mafuta inabana gesi, gesi inairudisha pole. Ile unasikia inapumua, ndiyo pompi inasukuma mafuta. Motere, injini hii, ikilala, mafuta inarudi mu tanki, mutuka inashuka. Basi!"

Akawasha gari. "Panda nyuma."

Victorine akapanda. Nyuma ikadidimia kidogo, ikatulia, halafu ikainuka tena mpaka ikawa sawa na mbele.

"Uzito ukiingia, mulango mudogo wa mafuta unafunguka, mafuta inaongezeka," Papa Apollinaire alisema.

Victorine akaruka chini, uso ukimwaka kwa aibu. "Jamani, ile ya damu niliitunga mimi. Hakuna muntu aliniambia."

Wabeba machela walimkazia macho, wakaguna, kisha wakamlaza Mama kwenye kiti cha nyuma. Victorine akajibana sakafuni, amemshika mkono. Mashimo yalikuwa mengi, lakini Mama hakupiga kelele hata mara moja.

Hospitalini, mguu ukiwa umefungwa plasta, Mama alimwita karibu.

"Kushuku haiko mubaya, mutoto wangu. Lakini ulisema kabla ya kuuliza, na kidogo tu ningebaki kule njiani sababu ya maneno yako. Ukiona kitu usichokielewa, uliza kwanza."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa ukirudi chemchemini, uwaambie wenzako ukweli, na kwa sauti kubwa kama ile ya siku ile."