Moyo wa Dume la Tuohy

Nilitoka dukani na mkate na maziwa ya chai, nikasema nipitie kwa Tuohy kabla giza halijashika. Machi kwetu Tipperary jua haliagi mtu. Ukigeuka, limekwenda.

Kazi yangu ni kutazama madume ya farasi wa mbio. Mwenye dume kijana aliyeshinda haniulizi kama ana kasi, hiyo keshaiona. Anataka kujua kama kasi itapita kwa watoto. Basi mimi hutazama miguu, kifua, macho, hasira zake, nikaulizia na mama yake. Kisha nasema: huyu mwacheni awe baba, au huyu mhasini apandwe na watoto wa shule. Kwa jibu hilo la pili nimewaudhi matajiri wengi, na bado nalala usingizi.

Kwa Tuohy mambo yalikuwa mazito zaidi. Colman na dada yake Assumpta walirithi shamba pamoja, na walikuwa wakigombana juu ya dume lao moja, Umande. Colman alitaka ayapande majike yao yote, na ya majirani juu. Assumpta alishamwita daktari wa mifugo aje asubuhi kumhasi. Walikubaliana jambo moja tu: nitakalosema mimi ndilo litakalofuatwa.

Assumpta alinipokea getini.

"Umenenepa, Dympna."

"Na wewe umekonda. Tumegawana."

Hakucheka. Assumpta, ambaye hucheka hata matangani! Alinishika mkono, akaninong'oneza sikioni.

"Ukimtazama... usimbariki."

"Unasemaje?"

"Usimtajie Mungu. Nakuomba, dada. Mpiga viatu vya farasi alimbariki juma lililopita, na farasi akaanguka chini kama gunia."

Nilimkodolea macho. Kwetu, ukisifu mnyama wa mtu bila kuongeza "Mungu ambariki", umemtia kijicho. Nimeona mtu akifukuzwa zizini kwa kusahau maneno hayo mawili, na mgeni mwingine akilazimishwa kumtemea ndama mate ili kuondoa husuda yake. Leo naombwa kinyume chake.

Colman alimtoa dume uani, chini ya taa.

Jamani, yule farasi!

Mweusi wa kung'aa, shingo imekaa mahali pake, bega limelala vizuri. Nikamwambia Colman amtembeze aende na arudi. Hatua ndefu, laini, miguu ya nyuma ikikanyaga mbele ya alama za ile ya mbele. Nikainama kutazama magoti na vifundo, maana mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sikuona kasoro. Nikamtazama upande wa kulia, nikamtazama wa kushoto. Kila farasi ana upande mmoja ulio mzuri kidogo kuliko mwenzake. Huyu pande zote mbili zilikuwa sawasawa kabisa.

"Mama yake?"

"Alikufa akimzaa," Colman alisema. "Ulimfahamu. Yule mwekundu aliyekuuma."

"Nina kovu lake. Mungu am... alikuwa jike zuri."

Assumpta alikuwa amefumba macho.

Ilikuwa baridi. Pumzi yangu ilitoka moshi, na ya Colman vilevile. Puani mwa Umande hamkutoka kitu. Nikajiambia ni taa. Nikamsogelea, na hapo nikasikia harufu... si ya farasi. Farasi ananukia jasho na majani makavu. Huyu alinukia udongo mbichi, udongo wa chini sana, ambao jembe halijawahi kuufikia.

Dume mzuri ana moyo mkubwa, na moyo husikilizwa. Huwa naweka sikio nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ngozi ilikuwa baridi. Nikabana pumzi.

Kimya.

Kimya...

Nilikuwa naondoa kichwa nilipousikia. Pigo moja. Zito, la taratibu, kana kwamba mtu amefunga mlango katika nyumba ya mbali. Halafu kimya tena, kirefu mno.

Umande aligeuza shingo akanitazama. Macho yake yalikuwa mazuri, mapole, na nikaingiwa na huruma. Sijui ilikuwaje. Ulimi hauna mfupa, na wangu umelelewa na bibi aliyekuwa akibariki hata kuku wa jirani.

"Lo, uzuri ulioje," nilisema. "Mungu ambariki."

"Dympna!"

Magoti yakamkunjika. Yule mnyama mkubwa akashuka juu ya mawe ya uani bila kishindo, bila sauti. Na papo hapo, kule kondeni, kikapanda kilio chembamba cha mtoto wa farasi, cha yule wa dakika za kwanza, anayetafuta mama.

Hakukuwa na mtoto yeyote shambani. Kule kondeni kuna duara la kale la udongo lenye mti wa miiba katikati, basi. Hakuna mtu wa kwetu anayelilima. Ni la Watu Wema, wale wasioonekana wakaao chini ya udongo. Ndivyo tunavyowaita, maana kuwaita vinginevyo ni kujitakia.

Kilio kikakatika. Umande akainuka, akajikung'uta, akasimama kama kawaida.

"Colman," nilisema. "Huyu ni nani?"

Alikuwa analia. Mwanamume mzima, ameshika hatamu kwa mikono miwili.

"Alizaliwa mfu," alisema. "Nilimsugua kwa majani mpaka viganja vikachubuka. Nikampulizia puani. Hakuna. Mama naye akakata roho pale pale. Dympna, ndio uzao wa mwisho wa farasi wa baba, mama na mwana kwa pamoja. Nikambeba mpaka kwenye miiba, nikamlaza chini, nikawaambia mchukueni mnipe mwingine."

"Uliwaambia hivyo? Kwa mdomo wako?"

"Asubuhi alikuwa amesimama langoni."

"Damu yake ilipimwa," Assumpta alisema kwa sauti ndogo. "Vipimo vilisema ni mtoto wa yule jike. Safi kabisa."

"Labda ni yeye," Colman alisema. "Labda walimrudisha huyo huyo."

"Na anayelia kule?"

La kuvunda halina ubani, bibi yangu angesema, na Colman alikuwa amekwenda kutafuta ubani kwa wasiouza bure.

"Basi sikiliza neno langu," nilimwambia. "Dume huyu asipandishwe. Hata jike moja. Kesho daktari akija, afanye kazi yake, na kama visu vitagoma, mfungulie lango arudi alikotoka."

Assumpta alishusha pumzi, akajifuta macho.

"Umesikia, kaka? Tumekubaliana."

Colman alitazama chini.

"Sikumwita Dympna anieleze kama nimpandishe," alisema. "Nilimwita anieleze watoto watakuwa wa namna gani."

Nilimwona Assumpta akielewa polepole, uso ukimwishia damu.

"Majike yetu?"

"Yote."

"Na ya watu, Colman? Majike ya watu?"

"Yalishika mimba mara ya kwanza. Hakuna lililokataa."

Assumpta alimpiga kofi. Kisha akakimbilia kwenye mabanda, nami nyuma yake.

Farasi ukiingia zizini kwao jioni, hugeuka. Wanajua ni saa ya chakula, watagonga milango, watakuita. Hakuna aliyegeuka. Majike yote yalisimama yametugeuzia mkia, nyuso ukutani, kila moja katika chumba chake. Ukuta ule unaelekea kondeni.

Niliingia kwa la karibu nikaweka sikio ubavuni. Moyo wa jike ulikuwa ukienda mbio kwa hofu. Chini yake, mahali ambapo bado ni mapema mno kusikia chochote... pigo moja, zito, la taratibu.

Kwato zikasogea kwenye majani, kwenye mabanda yote, kwa pamoja.

Asubuhi daktari alikuta banda la Umande limefungwa kwa kufuli na ndani hamna kitu. Colman anawaambia watu kamuuza ng'ambo. Assumpta amehamia mji wa Cork, simu yangu hapokei.

Sasa ni Desemba. Majirani waliopeleka majike kwa Tuohy wanasema hawajawahi kuona mimba tulivu namna hii. Majike hayaumwi, hayasumbui, yanakula na kunenepa. Jioni husimama kondeni yote yametazama upande mmoja. Nimejaribu kusema. Wananicheka, wananiuliza lini nilianza kuwa kikongwe.

Jana Malachy, jirani yangu mwenye jike moja tu duniani, nalo lilipandwa na Umande, alinisimamisha barabarani. Amefurahi kama bwana harusi. Jike lake litazaa Januari, na anaogopa kuwa peke yake.

"Utakuja kunisaidia kumtoa mtoto, Dympna?"

Nilimwambia nitakuja.